Makopo ya Maua ya Mama Mdogo

Mwezi uliopita nililing'oa ua langu kutoka kwenye chungu chake. Lilikuwa limekaa dirishani karibu mwaka mzima, hapa nyumbani kwangu Dodoma, na kwa wiki tatu majani yake yalikuwa yakigeuka manjano moja baada ya jingine, kuanzia chini. Nilifanya kile wanachofanya wengi, nikaongeza maji. Yakazidi kuwa manjano, nikaongeza tena. Nilipolitoa mwishowe, mizizi ilikuwa imelainika kama uzi uliooza, na udongo ukanipiga puani kwa harufu ya kuchacha, kama matope ya lambo linaloanza kukauka. Nikakaa sakafuni na lile ua mkononi. Harufu ile niliwahi kuinusa nikiwa na miaka kumi, Bariadi, katika nyumba ambayo wakati ule niliamini imeingiliwa na mwizi.

Nyumba yetu ilikuwa pembezoni mwa mji, upande ambao viwanja vinaisha na mashamba ya pamba yanaanza. Udongo wa pale ni mbuga, ule mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono mzima, na mvua zikija unanasa viatu mpaka mtu anaamua kutembea pekupeku. Baba alikuwa mpima mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu wa ununuzi alirudi jioni na nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nyusi, akaonekana mzee kabla ya wakati wake.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minane. Aliugua siku chache tu. Sura yake imeanza kunififia, lakini uwanja wake naukumbuka vizuri sana. Aliufagia kila siku kabla sijaamka, na mimi nikitoka nje nilikuta mistari ya ufagio imelala sambamba kutoka mlangoni hadi barabarani, bila hata jani moja juu yake. Hakutaka mmea wowote karibu na nyumba. Alisema kichaka ni makao ya nyoka, na kwamba nyumba ya watu inatakiwa ionekane kutoka mbali. Alipoondoka niliuchukua ufagio wake. Hakuna aliyenituma. Niliona tu kwamba uwanja ukichafuka atakuwa ameondoka kweli.

Baba alipooa tena nilikuwa darasa la nne. Mke wake alitoka Muleba, ng'ambo ya ziwa, na jina lake lilikuwa Adventina. Mimi niliambiwa nimwite mama mdogo. Alishuka kwenye gari na begi moja la nguo na makopo saba ya maua, akayabeba mawili mawili kifuani kama mtu anayebeba watoto. Kisukuma hakukijua hata kidogo. Watu walimpitia njiani wakimwambia mwangaluka, yaani habari za asubuhi, naye akajibu "nzuri", wakaenda wakicheka taratibu. Senge, yaani shangazi yangu, dada yake baba aliyekuwa akija kwetu mara kwa mara kutoka Shishiyu, alisimama sebuleni akayatazama yale makopo yaliyopangwa dirishani, juu ya kabati na pembeni mwa redio. Akamwambia baba kwa Kisukuma kwamba ameoa mwanamke anayelima chumbani.

Kusema kweli yalikuwa maua mazuri. Moja lilikuwa na majani marefu yaliyosimama wima kama mapanga. Jingine lilitambaa likashuka kutoka juu ya kabati hadi karibu na sakafu. Lakini alilolipenda kuliko yote lilikuwa na majani madogo yenye mistari ya rangi ya fedha juu, na ukiligeuza jani, chini lilikuwa zambarau tupu. Kila akipita alilishika kidogo kwa ncha za vidole. Mimi nilikaa mbali nayo. Niliona mama yangu asingekubali yaingie ndani, na mtu wa kumsemea nilikuwa nimebaki mimi peke yangu.

Baada ya miezi michache makopo yalianza kuliwa na kutu, vitako vikadondoka. Mama mdogo akatafuta makopo makubwa ya rangi, akayajaza udongo wa uwanjani kwetu, akahamishia maua yake humo. Hazikupita wiki nyingi majani yakaanza kuwa manjano. Kwao mvua inanyesha karibu mwaka mzima na udongo ni mwekundu, unachambuka mkononi. Yeye aliona jua la Bariadi ndilo linaloyapiga. Akanipa kazi ya kuyamwagilia, kikombe kimoja kila kopo asubuhi kabla ya shule, na kingine jioni.

"Nisaidie, Kabula," aliniambia. "Hapa kwenu naona kila kitu kina kiu."

Nilimwagilia kama alivyosema. Sikuifanya kazi ile kwa upendo wala kwa chuki. Ilikuwa kazi kama kuosha vyombo.

Ikaja Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, na baba akanipeleka makaburini baada ya misa. Mama mdogo alibaki nyumbani, akasema atapika. Njiani nilijiandaa kukuta majani yamelifunika kaburi la mama, kwa sababu mara ya mwisho tulipokwenda ilikuwa hivyo, na baba alitumia muda mrefu kuyang'oa huku amegeuka nisimwone uso. Safari hii tulikuta pamefagiliwa. Msalaba wa chuma ulikuwa umefutwa vumbi. Na kuzunguka kaburi, kwa mstari ulionyooka, kulikuwa na ua lenye mistari ya fedha juu na zambarau chini.

Baba akasema lazima ni ndugu zake mama wamefanya kazi ile, akavua kofia. Mimi nilichuchumaa nikayatazama yale maua kwa karibu, na hapo ndipo nilipoona kwamba mashina yalikuwa yamekatwa vichwa. Yalikatwa vizuri, kwa kucha au kisu kikali, karibu kila moja.

Kwa akili yangu ya miaka kumi mambo yote yalikaa sawa. Ndugu wa mama walimpandia maua. Mama mdogo anakuja hapa kwa siri, anayakata vichwa, anakwenda kuyapanda kwenye makopo yake. Ndiyo maana analishikashika lile ua kila akipita. Aliichukua nyumba, akachukua kitanda, akachukua sufuria, na sasa anachukua hata kilichoko juu ya kaburi. Sikumwambia baba. Siku hizo alikuwa ameanza kucheka tena wakati wa kula, na sikutaka kuwa mimi wa kumnyamazisha.

Kuyarudisha maua kaburini sikuweza. Nikaamua yafe. Kuanzia kesho yake nilijaza kikombe mtungini kama kawaida, nikasimama mbele ya kila kopo muda ule ule, kisha nikamwaga maji nje ya dirisha. Asubuhi na jioni. Nikiulizwa kama nimemwagilia, nilijibu ndiyo. Siku mbili za kwanza niliogopa, baadaye nikazoea. Nilisubiri yanyauke kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Hayakunyauka. Wiki ya kwanza yalibaki vile vile. Wiki ya pili majani ya manjano yalidondoka yakakoma. Wiki ya tatu, kwenye kopo la ua la zambarau nikaona jani jipya, dogo, limejikunja kama karatasi ya pipi. Nililitazama kwa hasira. Nilidhani labda mama mdogo anayamwagilia mwenyewe nikiwa shule, nikapima kwa kuweka uzi mwembamba juu ya udongo wa kila kopo. Nikirudi, uzi ulikuwa pale pale, mkavu.

Jumapili moja tulikuwa mezani mchana, wali na sato, mama mdogo akaliinua lile kopo akalileta amwonyeshe baba. Alifurahi mno. Alisema alikuwa ameshakata tamaa, kwamba usiku alikuwa akijiambia hakuna kitu chake kitakachoota Bariadi, na sasa mtoto huyu ameyafufua. Akasema nina mkono wa mimea. Baba akanitazama kwa namna ambayo hakunitazama siku nyingi.

"Mama yake naye alikuwa hivyo," akasema. "Akishika kitu, kinakaa sawa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mama mbele ya mke wake. Nadhani ningeweza kuvumilia kugombezwa, lakini kusifiwa kwa kosa lile, tena kwa jina la mama, kulinishinda.

"Sijayamwagilia," nikasema. "Nilikuwa namwaga maji nje. Nilitaka yafe."

Baba akaweka kijiko chini, akaanza kuinuka. Mama mdogo akamshika mkono juu ya kiwiko, wala hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Kwa nini, Kabula?"

"Kwa sababu ni ya mama. Unayaiba kaburini. Nimeona ulivyoyakata."

Nakumbuka nzi mmoja juu ya ukingo wa sahani ya samaki. Nilijua kibao kinakuja, sikujua tu kitatoka upande gani. Mama mdogo alikwenda kunawa mikono, akaifuta kwa kanga yake, akarudi. Akamwomba baba atuache twende wawili. Kisha akaniambia nivae viatu.

Tulitembea hadi makaburini. Jua lilikuwa kali na nyufa za udongo zilikuwa zimeanza kujifunga kwa mvua mbili tatu zilizopita. Alipofika alipiga magoti moja kwa moja, kama mtu aliyezoea mahali hapo, akaniita nisogee. Akashika shina moja lililokatwa, akanionyesha chini ya kile kidonda. Palikuwa pametoka vichipukizi viwili, kimoja kila upande.

"Ukiliacha, linarefuka, linalala chini, linabaki shina tupu," akasema. "Ukilikata kichwa linatoa viwili, linajaa. Vichwa vyenyewe sivipeleki nyumbani. Navichomeka hapa hapa."

Akanionyesha mahali alipoanzia, upande wa kichwani, ambako maua yalikuwa manene, na jinsi yalivyozidi kuwa madogo kadiri mstari ulivyozunguka, hadi ya mwisho yaliyokuwa na majani matatu tu. Alianza na vipande vitatu kutoka kwenye kopo lake, akavileta ndani ya mfuko wa nailoni. Kila Jumamosi baada ya sala za jumuiya alipita hapa na dumu la maji la lita tano, akafagia, akamwagilia, akarudi nyumbani. Baba hakujua. Hakuna aliyejua.

Nilimwambia tu kwamba yeye hakumjua mama.

"Sikumjua," akakubali. "Lakini nilipofika, nyumba ilikuwa na mwenyewe. Nikishika mwiko, ni mwiko wake. Nikitoka nje nakuta uwanja umefagiwa kama alivyoufagia yeye. Mtu haingii nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi, Kabula. Sikujua nibishe wapi. Nikaja hapa."

Nilimuuliza kile ambacho mtoto angeuliza.

"Alikukaribisha?"

Hakunidanganya, na hadi leo namshukuru kwa hilo.

"Sijui," akasema. "Ila maua yameshika."

Nililia pale pale, sauti yote, kama nilivyotakiwa kulia miaka miwili nyuma. Hakunikumbatia wala hakuninyamazisha. Alikaa chini karibu yangu, akaendelea kung'oa vijani vidogo kuzunguka msalaba hadi nilipomaliza.

Tuliporudi nyumbani alilimwaga kopo moja uani, lile la majani ya mapanga, ambalo peke yake lilikuwa bado linaumwa. Udongo ulitoka kama tofali bichi, umelowa katikati ingawa ulikuwa haujapata maji wiki tatu, na harufu ile ya kuchacha ikatupiga wote wawili. Akauvunja, akakuta mizizi imeoza nusu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Muda wote alidhani maua yake yana kiu, kumbe alikuwa akiyazamisha, na mtoto aliyetaka kuyaua ndiye aliyeyapa nafasi ya kupumua. Udongo wa mbuga ukishika maji hauyaachii, na yeye alikuwa akiutendea kama udongo wa kwao.

Wiki ile tulikwenda mtoni na ndoo, tukachota mchanga. Tukauchanganya na udongo na samadi kuukuu, tukatoboa vitako vya makopo kwa msumari, tukahamisha maua yote saba. Adhabu nilipata, kwa sababu nilikuwa nimedanganya, na baba hakuwa mtu wa kuacha jambo hilo lipite. Mama mdogo ndiye aliyeichagua. Niliendelea na kazi ya kumwagilia, ila sasa nilitakiwa kwanza nizamishe kidole hadi kiungo cha pili. Kidole kikisikia ubaridi, naacha. Kikitoka kikavu, natia maji. Niligundua kwamba maua mengine hayakutaka maji hata kwa wiki nzima. Ilinishangaza kwamba kukaa na kitu bila kukifanyia lolote nako ni kukitunza.

Mwaka uliofuata ikaja habari ya mti. Baba alitaka kivuli uwanjani. Senge alisema tupande mkaratusi, unakua haraka na utatupa nguzo. Mama mdogo aliupinga, akasema unakunywa maji ya majirani wote na mizizi yake haijali ukuta wa mtu. Yeye alitaka mparachichi kama wa kwao. Alileta mbegu kutoka Muleba, akaiotesha kwenye kopo hadi ikafika kimo cha goti, akaipanda. Mvua zilipokolea maji yalituama shimoni, mche ukafa umesimama. Akajaribu wa pili. Huo ulivuka mvua, lakini kiangazi udongo ulipopasuka ufa ulipita katikati ya mizizi. Nilimkuta amesimama juu yake mikono kiunoni. Hakulia, ila siku nzima hakuimba, na kwa kawaida aliimba akipika. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba naye alikuwa ameacha watu na mahali.

Jioni aliniambia uwanja ule mama yangu ndiye aliyeufagia miaka yote, kwa hiyo ni haki nichague mimi. Tukaenda kwa muuza miche aliyekuwa karibu na daraja. Nilipita katikati ya mijohoro na mikrismasi na mipera, nikiwaza ni mti gani mama angeukubali. Usiwe kichaka. Uweze kufagiwa chini yake. Nikakumbuka jinsi alivyopenda ndimu kwenye samaki, na jinsi alivyonituma kwa Mama Masanja, jirani yetu, kuomba ndimu mbili, wakati mwingine mara mbili kwa wiki, mpaka nikawa naona aibu kupiga hodi. Nikasema nataka mndimu.

Senge aliposikia akasema una miiba na hauna kivuli cha maana. "Ameshachagua," mama mdogo akamjibu, na mjadala ukaishia hapo.

Tulichimba shimo lililofika kiunoni mwangu, tukalijaza mchanga na samadi, tukaupanda mche juu ya kilima kidogo ili maji yasisimame miguuni pake. Haukutupa raha. Mbuzi walikula ncha yake yote kabla hatujauzungushia miiba. Baadaye majani yakatobolewa na viwavi waliofanana kabisa na mavi ya ndege, mpaka siku moja nilipoona mavi yanatembea. Tulikuwa tukiwatoa kwa mkono mmoja mmoja, mama mdogo upande wake, mimi upande wangu, tukiongea mambo ambayo watu hawaongei wakitazamana. Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu shule, na kuhusu mama, na siku nilipopata damu ya kwanza ni pale nilipomwambia. Chini ya mti nilifagia mimi.

Mama mdogo bado yuko Bariadi. Kisukuma chake siku hizi kinanishinda mimi niliyezaliwa nacho, na akina mama wa jirani wakimsalimu mwangaluka anawajibu na kuwauliza habari za ng'ombe wao kwa majina. Namshukuru kwa mengi, lakini zaidi kwa yale ambayo hakuyafanya. Hakumsimulia senge habari ya maua, hata siku walipogombana. Hakuniambia kamwe nimwite mama. Hakuniharakisha. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nimejua sasa jinsi ilivyo vigumu kumpenda mtu kwa kumwacha.

Mndimu ulizaa nikiwa kidato cha pili. Ndimu hazikuwa nyingi mwaka huo wa kwanza, lakini mama mdogo alizichuma zote alizoziona zimeiva, akajaza bakuli, akanipa nipeleke kwa Mama Masanja. Mama Masanja alikuwa akipembua mchele kibarazani. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikamnyooshea bakuli. Akazitazama zile ndimu, kubwa na za kijani kibichi, na vikonyo bado vina majani.

"Wabeja sana, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma. "Nani kakutuma?"

"Mama," nikajibu.

Neno lilikuwa limeshatoka. Mama Masanja alinitazama kidogo, akapokea bakuli, akazimimina ndimu kwenye ungo wake. Akaingia ndani, akanirudishia bakuli likiwa na karanga, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hakuniuliza mama yupi.